Kufufuka si kuzuka

Juma hili mezani pangu nina barua moja tu, lakini ni barua nzito. Imetoka Makambako, kwa mwalimu wa shule ya msingi ambaye ameomba nisimtaje jina, nami nitaliheshimu ombi lake.

Mwalimu huyu anasema yeye ni Mkatoliki, na kila Jumapili akiungama imani hutamka neno "ufufuko". Jirani yake, Mlutheri, husema "ufufuo". Mkwewe ni Mwislamu mwenye duka la vipuri pale njia panda, naye husema "kiyama". Na magazeti ya mjini, basi likigongana na lori kwenye mteremko wa Kitonga, huandika kwa herufi kubwa kwamba hapo palikuwa "kiama". Sasa mwalimu anauliza: "Mzee wetu, maneno haya ni moja au ni manne? Na kama ni moja, imekuwaje mmoja analitamka kwa matumaini na mwingine kwa hofu?"

Barua ingeishia hapo ningemjibu kwa dakika tatu na kumtakia heri. Lakini chini, kwa wino wa rangi nyingine, kana kwamba alirudi baadaye na kuongeza, ameandika hivi: katika mtaa wake yuko mama muuza viazi aliyeumwa miaka mingi iliyopita, akakonda mpaka ndugu wakaitwa. Akapata dawa, akainuka, na leo anabeba debe la viazi mwenyewe. Watoto wa mtaa humwita "Mzuka". Wakubwa wanasikia, wanacheka. Mwalimu anauliza kama neno hilo nalo limo katika ukoo wa yale mengine, maana angependa kuwa na jambo la kuwaambia wanafunzi wake zaidi ya kuwachapa.

Basi, ndugu zangu, tumsaidie mwalimu. Tutaanza na maneno, kisha tutapanda milimani mpaka Njombe, tushuke tena Makambako.

Tuanze na neno la nyumbani, kufufuka. Kila anayezungumza Kiswahili anajua, hata kama hakusoma sarufi, kwamba lugha yetu ina namna ya kulirudisha tendo nyuma. Ulichokifunga unakifungua. Ulichokiziba unakizibua. Nguo uliyoivaa unaivua, mzigo ulioupakia unaupakua, nafaka uliyoianika unaianua wingu likitanda. Mtego ulioutega unautegua, na paa uliloliezeka unaliezua. Walimu wa sarufi huita hiyo kauli ya kutendua. Mkia wa neno, ule -ua, unalitengua lililofanywa. Na ukisema -uka, jambo limetenguka lenyewe: mlango umefunguka, bomba limezibuka.

Sasa lisikilize neno fufua, na fufuka. Mwanzo wake unatukumbusha kufa, na mfu, na wafu. Mwisho wake ni ule ule wa fungua na funguka kwa fundo, wa zibua na zibuka kwa bomba. Sisemi kwamba kila neno lenye -ua ni la kutendua. Chukua si kinyume cha chochote. Lakini kwa sikio langu, na nadhani kwa sikio la bibi yako pia, kufufua ni kukitengua kifo. Mauti yalikuwa fundo, na fundo limefunguliwa.

Wakristo miongoni mwenu watakumbuka habari ya Lazaro wa Bethania, katika Injili ya Yohana, sura ya 11. Mtu amelala kaburini siku nne. Anaitwa, anatoka. Lakini anatoka akiwa bado amefungwa sanda mikono na miguu, na uso umezungushiwa kitambaa. Ndipo waliosimama pale wanaagizwa wamfungue wamwache aende zake. Miaka mingi niliisoma habari ile bila kuitazama kwa karibu. Mungu ndiye aliyemtoa mtu kaburini, lakini kazi ya kumfungua vitambaa waliachiwa majirani. Naomba uliweke jambo hilo akilini, tutalirudia.

Kuhusu ufufuo na ufufuko, mwalimu asihangaike. Ufufuo umetoka katika fufua, yaani yuko afufuaye. Ufufuko umetoka katika fufuka, yaani tunamtazama aliyefufuka. Ni mlango mmoja, huyu anautazama kwa ndani na huyu kwa nje. Tena neno lenyewe halikai kanisani tu. Tunafufua kesi, tunafufua deni lililosahauliwa, tunafufua ugomvi wa mashamba. Mwaka 1986 serikali ilipoanza ule mpango mkubwa wa kurekebisha mambo baada ya miaka ya foleni za sukari na sabuni, ilikuwa Mpango wa Kufufua Uchumi. Na mwezi Septemba 2024, viongozi wa Tanzania, Zambia na China waliposhuhudia mjini Beijing kutiwa saini kwa makubaliano juu ya reli ya TAZARA, magazeti yetu hayakutafuta neno jingine: reli inafufuliwa.

Sasa tuje kwa kiyama. Hili limetoka katika Kiarabu, na asili yake ni kusimama. Siku ya Kiyama, kwa maana ya kwanza kabisa, ni siku ya watu kusimama kutoka makaburini mwao. Sura ya 75 ya Kurani Tukufu inaitwa kwa jina hilo, na karibu na mwanzo wake anaulizwa binadamu kama anadhani mifupa yake haitakusanywa. Anaambiwa kwamba hata ncha za vidole vyake zitasawazishwa. Utaona basi kwamba hapo mwanzoni habari ni ya mifupa kukusanyika na mtu kurudi kuwa mtu. Hukumu inafuata, naam, na hukumu inatisha. Lakini huwezi kumhukumu mtu ambaye hajasimama.

Neno hili lina ndugu wengi ambao tunakaa nao kila siku bila kuwatambua. Ofisini kuna kaimu mkurugenzi. Kaimu ni asimamaye mahali pa mwingine. Kuna makamu wa rais, na makamu asili yake ni mahali pa kusimama. Msikitini, baada ya adhana, husomwa ikama, na hapo watu husimama safu kwa ajili ya sala. Mfanyakazi anadai kima cha chini kipandishwe, na hicho kima, yaani thamani, kiwango ambacho kitu kinasimamia, nacho ni wa ukoo huo huo. Na wale wataalamu wanaohesabu watu, mazao na magonjwa wanatuletea takwimu, neno ambalo huko lilikotoka lina maana ya kukisimamisha kitu sawasawa, kukinyosha, kukipa thamani yake. Kiyama, kaimu, makamu, ikama, kima, takwimu: wote ni watoto wa mzee mmoja, na mzee huyo jina lake ni Kusimama.

Ajabu ni kwamba Wagiriki nao, walioandika Agano Jipya, neno lao la ufufuo lilikuwa anastasis, na maana yake ni kusimama juu. Wajerumani, ambao tutakutana nao Njombe hivi punde, husema Auferstehung, na ndani yake mna kusimama. Kwa hiyo mkwe wa mwalimu, pale dukani kwake kati ya fani belti na vichujio vya dizeli, anatamka neno ambalo kwa asili liko karibu sana na lile lililoandikwa na Mtume Paulo. Na watafsiri walilijua hilo. Biblia ya Kiswahili iliyotumika zaidi nchini mwetu, ile tafsiri ya Muungano iliyokamilika mwaka 1952, ina maneno yote mawili. Katika Yohana 11 utakuta ufufuo, na katika Wakorintho wa Kwanza sura ya 15 utakuta kiyama.

Haikuwa lazima iwe hivyo. Yuko Mjerumani mmoja, Karl Roehl, mmisionari aliyefanya kazi Usambara, ambaye alitoa Agano Jipya lake la Kiswahili mwaka 1930 na Biblia nzima mwaka 1937. Roehl alikusudia kuyapunguza maneno ya Kiarabu katika maandiko na kuweka ya Kibantu mahali pake, kwa kuona kwamba Kiswahili cha bara kinapaswa kusikika kama lugha ya bara. Biblia yake ilisomwa sana na Walutheri wa Tanganyika. Mimi simlaumu, alikuwa na hoja. Lakini naona kwamba watu wenyewe, sokoni na msibani, waliamua kwa njia yao: waliyashika maneno yote mawili, wakayapa kazi tofauti. Kufufuka likabaki na matumaini. Kiyama likabebeshwa hofu, likachakaa, mpaka likapoteza herufi yake moja njiani na kuwa "kiama" cha magazeti, yaani maangamizi. Neno lililokuwa na maana ya watu kusimama, leo linatumika pale ambapo watu wamelala barabarani. Hapo, mwalimu, ndipo hofu ilipoingilia. Haikutoka katika neno. Tumeiingiza sisi.

Limebaki la tatu, kuzuka. Nalo ni neno la Kibantu, na wajomba wake wako mbali. Nenda Uganda wakati wa Pasaka, utasikia Waganda wakiiita sikukuu hiyo Amazuukira. Nenda Rwanda, ufufuko unaitwa izuka, na kufufuka ni kuzuka, hivi hivi kama tunavyolitamka sisi. Kwa wenzetu wa maziwa makuu, basi, aliyezuka ni aliyetoka katika wafu akiwa hai, na nyimbo zinaimbwa. Kwetu sisi, kuzuka ni kutokea ghafla pasipo kutarajiwa: moto umezuka, ugonjwa umezuka, uvumi umezuka. Na mzuka ni kitu cha usiku, kivuli cha marehemu, jambo la kukimbiwa. Aliyezuka Kigali anakumbatiwa. Aliyezuka kwetu anatupiwa mawe.

Kwa hiyo, mwalimu, jibu la swali lako la kwanza ni kwamba maneno haya yanazungumzia jambo moja, lakini kila moja limechagua upande wake wa kulitazama. Fufuka linatazama kifo kilichotenguliwa. Kiyama linatazama mtu aliyesimama. Na zuka la kwetu linatazama mshangao wa anayeona, halimjali kabisa aliyeonekana. Hilo ndilo kosa lake, na kwa sababu hiyo ninataka tupande kwenda Njombe.

Wewe wa Dar es Salaam ambaye hupita Makambako usiku ukielekea Mbeya, ukiwa umelala na shingo imepinda kwenye kioo cha basi, hujui kwamba hapo barabara inachipua tawi. Ukiendelea mbele unakwenda Mbeya na Zambia. Ukikata kushoto unapanda Njombe, mwendo wa kilomita sitini hivi, kisha Songea. Njombe ni nchi ya baridi, ya chai, viazi, misonobari na miwati. Wenyeji watakusalimia "Kamwene", na ukijibu "Kamwene" umekwisha kuwa mtu.

Kilomita chache kutoka mjini Njombe pako mahali panapoitwa Yakobi. Wamisionari wa Kilutheri kutoka Berlin, waliokuwa wamefika kaskazini mwa Ziwa Nyasa mwaka 1891, walisogea mashariki kupitia Ukinga mpaka Ubena, na mwishoni mwa karne ile wakawa wameanza vituo kama Kidugala na Yakobi. Walihubiri, kama wahubirivyo Wakristo wote, kwamba wafu watafufuliwa.

Wakati huo huo, mbali sana na hapo, katika vilima vya Wamatumbi, palikuwa na tumaini jingine. Mtu aitwaye Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, ambaye wengi mjini mnamjua kwa mchezo wa kuigiza wa Ebrahim Hussein wa mwaka 1969, alizama majini mwaka 1904. Wazee waliosimulia habari hizo kwa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam katika miaka ya 1960 walisema kwamba siku ya pili aliibuka mzima, nguo zake zikiwa kavu. Walisema pia kwamba alitangaza kuwa wahenga waliokufa watarudi. Tunapofundisha Vita vya Maji Maji shuleni tunataja dawa na risasi kugeuka maji, na ni kweli. Lakini lile la wahenga kurudi tunalipita haraka, na mimi nadhani lilikuwa na uzito wake. Mtu anayelimishwa pamba kwa viboko, anayetozwa kodi asiyoielewa, akiambiwa kwamba baba yake na babu yake wako njiani wanakuja kusimama naye, moyo wake unafanyaje?

Kinjikitile mwenyewe alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, vita vikiwa vimeanza tu. Lakini maji yalikuwa yamekwisha kusafiri. Mwezi Septemba mwaka huo yalifika Ungoni na Ubena, na mtemi Mbeyela wa Wabena akaungana na vita. Watu wake wakakishambulia kituo cha Yakobi, ambacho mmisionari Gröschel na watu waliokuwa pamoja naye walikilinda. Hebu fikiri, ndugu msikilizaji. Ndani ya boma la misheni mlikuwa na Wabena walioambiwa kwamba wafu watasimama. Nje ya boma palikuwa na Wabena walioambiwa kwamba wahenga wanarudi. Lugha yao moja, milima yao moja, pengine mama zao walichota maji kijito kimoja. Wakapigana.

Yaliyofuata mnayajua. Wajerumani hawakuridhika kushinda kwa bunduki. Walichoma mashamba na maghala, na njaa ikamaliza kazi. Serikali ya Ujerumani ilikadiria waliokufa katika vita vyote kuwa watu 75,000. Mwanahistoria wetu Gilbert Gwassa alikadiria kati ya 250,000 na 300,000. Nyanda za juu za kusini zilikuwa miongoni mwa sehemu zilizoumia sana. Wahenga hawakurudi.

Sisemi haya kuwacheka wale waliokunywa maji. La hasha. Walikuwa wanadai nchi yao, na miaka 56 baadaye waliokuja kudai tena waliwataja kwa heshima. Ninachosema ni kwamba neno la kufufuka ni kama moto wa jikoni. Likiwekwa mahali pake linapika. Likitupwa ovyo linachoma nyumba. Na halikutupwa mara moja tu. Mwaka 2011 maelfu kwa maelfu ya Watanzania walifunga safari kwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa ya mchungaji mstaafu Ambilikile Masapila kwa shilingi 500, na miongoni mwa wagonjwa wako walioacha vidonge vyao vya hospitali kwa kuamini kwamba wamekwisha kupona. Zaidi ya miaka mia moja ilikuwa imepita tangu Ngarambe, na kiu ilikuwa ile ile.

Tushuke sasa Makambako. Mji huu ni mtoto wa njia. Reli ya TAZARA, iliyojengwa na Wachina pamoja na Watanzania na Wazambia kati ya mwaka 1970 na 1975, inapita hapo baada ya kupanda kutoka Mlimba kupitia mahandaki na madaraja ambayo hata leo yanamshangaza msafiri. Barabara kuu ya Zambia inapita hapo. Malori yanalala hapo. Palipo na malori yaliyolala pana chakula, pana vitanda, pana fedha ya haraka, na kuanzia miaka ya 1980 palikuja pia ugonjwa ambao ulikuwa umetambuliwa kwanza nchini mkoani Kagera mwaka 1983. Mkoa wa Iringa, ambao Njombe na Makambako zilikuwa ndani yake mpaka mkoa mpya wa Njombe ulipoundwa mwaka 2012, ukawa miongoni mwa mikoa iliyopigwa vibaya kuliko yote.

Nilipita huko mara kadhaa katika miaka ya 1990. Nakumbuka mafundi seremala. Njombe ni nchi ya mbao, na karakana zilikuwa zimejipanga kando ya barabara, lakini badala ya vitanda na kabati, kilichokuwa kimesimamishwa nje ukutani mara nyingi yalikuwa majeneza. Fundi mmoja aliniambia kwamba zamani alisubiri aletewe kipimo. Siku hizo alikuwa anatengeneza kabla, maana hata akikosea kipimo, atapatikana wa kukitosha.

Mwaka 2004 serikali ilianza kutoa dawa za kupunguza makali ya virusi bila malipo. Miaka miwili baadaye, katika kijiji kimoja upande wa Lupembe, nilikaribishwa chai na mtu mzima mmoja mwenye duka dogo. Benchi nililokalia lilikuwa la mbao pana, nzuri, iliyorandwa vizuri kuliko inavyohitajiwa na benchi la dukani. Nikalisifu. Akacheka, akaniambia: "Mzee, hizo ni mbao zangu." Nikasema ndiyo, ni zako. Akasema: "Hapana, hujanielewa. Ni zangu mimi." Mwaka uliotangulia alirudishwa nyumbani kutoka mjini akiwa hawezi hata kushika kikombe. Kaka yake, kwa upendo kabisa, alipasua mbao na kuziweka stoo ili siku ikifika watu wasihangaike. Kisha dawa zikafika hospitali ya wilaya, dada yake akambeba kwenda kuzichukua, na siku ikawa haifiki. Alipoweza kusimama alizikuta mbao zake stoo, akamwita fundi.

Lakini ndugu yangu yule aliniambia pia jambo ambalo hakulichekea. Siku ya kwanza aliyotembea mwenyewe mpaka kilabuni, watu waliokuwa wamekaa walinyamaza. Mmoja akasema kwa sauti ya chini, "Mzuka huo." Shamba lake la miti lilikuwa limekwisha kugawanywa. Nguo zake zilikuwa zinavaliwa na wengine, na aliziona zikipita njiani. Alisema: "Kuumwa niliweza. Kupona ndiko kulikonisumbua. Nilikuwa nimetoka, lakini hakuna aliyenifungua." Mimi sikumtajia Lazaro. Yeye ndiye aliyesema hivyo, na alisema akiwa anapima sukari ya mteja.

Sasa nataka niwape takwimu, nanyi mnajua kwamba takwimu ni ndugu yake kiyama. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2011-12 ulikuta kwamba asilimia 14.8 ya watu wazima mkoani Njombe wanaishi na virusi. Utafiti wa 2016-17 ulikuta asilimia 11.4. Ule wa 2022-23 ukakuta 12.7, wakati wastani wa nchi nzima ulikuwa 4.4. Njombe ikaendelea kuwa ya kwanza. Nilipoisoma habari hiyo ya mwisho katika gazeti, kichwa chake kilikuwa cha kiama, na mtu wa Dar es Salaam aliyeketi karibu nami katika daladala akasema, "Hawa watu wa Njombe wamekwisha."

Hapana. Wamekwisha wale ambao hesabu zimewasahau, waliolala chini ya majeneza yale ya miaka ya 1990. Asilimia hii inahesabu watu walio hai. Ndani yake wamo walioambukizwa juzi, na hao ni sababu ya kutosha ya kutolala usingizi, maana ugonjwa haujakoma na kinga haijapitwa na wakati. Lakini ndani yake wamo pia wale ambao bila dawa wasingehesabiwa na mtu yeyote. Mwenye duka wa Lupembe, akiwa bado yupo, yumo. Mama wa viazi wa Makambako yumo. Dawa zikifanya kazi vizuri, watu hawafi, na wasipokufa wanabaki katika hesabu. Mtu aliyesoma namba ile na kuona kaburi ameisoma kichwa chini miguu juu. Ni namba ya watu waliosimama.

Ndiyo maana ninasema kufufuka si kuzuka. Mzuka hutoka pasipojulikana, hauna historia, hauna dada aliyeubeba mgongoni kwenda hospitali. Aliyefufuka ametenguliwa fundo moja baada ya jingine: kidonge cha asubuhi, uji, nauli ya kwenda kliniki, mhudumu aliyeamka mapema, kumeza tena kesho na keshokutwa mpaka mwisho wa maisha. Na fundo la mwisho, kama pale Bethania, linabaki mikononi mwa majirani. Wakilifungua, mtu anakwenda zake. Wakikataa, anabaki mlangoni mwa kaburi na vitambaa usoni, yu hai, lakini haoni pa kwenda.

Mwalimu, kesho ukiingia darasani usiwachape watoto. Waandikie ubaoni funga na fungua, ziba na zibua, vaa na vua. Waache waendelee wenyewe. Watoto wanapenda mchezo huo, watakutajia mpaka ubao ujae. Kisha andika kufa, na uwaulize kinyume chake. Watakaa kimya kidogo. Atatokea mmoja, huwa anatokea, atakayesema fufuka. Hapo waambie habari ya mama wa viazi, kwa idhini yake mwenyewe, na waambie kwamba jina la mtu kama huyo si Mzuka. Wakitaka kumwita kwa heshima, kwa Kiswahili tunalo neno la siku zote ambalo linatosha, nalo ni Mama.

Na ukimpitia mkweo dukani, msalimie kwa niaba yangu. Mwambie neno lake ni zuri na la kale, asikubali magazeti yamnyang'anye.

Hadi juma lijalo, panapo majaliwa, mimi nawaambia Kamwene.